Francis Bacon wawili na picha niliyoibandika ubaoni: naomba msaada kuhusu Waingereza wenye jina moja

Mwalimu wa Mwanjelwa

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya, na ninalea pia klabu ya historia ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Juma lililopita niliamua kupamba ubao wa klabu kwa picha za watu waliobadilisha namna Ulaya ilivyofikiri kuhusu elimu, na wa kwanza kumchagua alikuwa Francis Bacon, yule Mwingereza aliyesisitiza kwamba maarifa ya asili yatafutwe kwa kuchunguza na kujaribu badala ya kurudia maneno ya wahenga wa Kigiriki. Nililiandika jina lake kwenye simu, nikachukua picha ya kwanza iliyojitokeza, nikaipeleka stesheneri ikachapwa kwenye karatasi ya A3 na kuvishwa plastiki ngumu, kisha nikaibandika ubaoni na kuandika chini yake kwa kalamu nene: 1561–1626.

Kesho yake msichana mmoja wa kidato cha tano alisimama mbele ya ubao ule kwa muda, akageuka na kuniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, huyu mzee alipigwa picha na kamera ya nani?" Nilipoitazama upya ndipo nilipoona kile ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita: mtu yule alikuwa amevaa koti la ngozi lenye zipu. Nimekwisha kujua kwamba niliyembandika ni Francis Bacon mwingine, mchoraji wa karne ya 20, na picha nimeibandua.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, wako Waingereza wengine mashuhuri ambao ni wajina kiasi cha kumtega mtu kama nilivyotegwa mimi? Pili, ni kwa nini jambo hili limetokea mara nyingi hivyo kwao? Huku kwetu tunajua kwamba mtoto hupewa jina la babu au bibi, kwa hiyo jina hurudi baada ya kizazi kimoja; ningependa kujua wao walikuwa na utaratibu gani.

Mkutubi Mstaafu, Iringa

Kamwene, Mwalimu. Usione aibu, kwa sababu kosa hilo limewapata watu waliofanya kazi miongoni mwa vitabu maisha yao yote, nami nikiwa mmojawapo.

Hao Bacon wawili wametengana kwa karne tatu na kwa tabia. Wa kwanza alikuwa mwanasheria na mwanasiasa aliyepanda mpaka kuwa Kansela wa Uingereza mwaka 1618 chini ya Mfalme James wa Kwanza, akaanguka mwaka 1621 baada ya kukiri kupokea rushwa, na miaka yake ya mwisho akaitumia kuandika. Wa pili alizaliwa Dublin mwaka 1909 kwa wazazi Waingereza na akafariki Madrid mwaka 1992. Michoro yake ya nyuso zilizovurugika na miili iliyojikunja haimfurahishi kila mtu, mimi nikiwamo, lakini mwaka 2013 picha zake tatu za rafiki yake Lucian Freud ziliuzwa pamoja kwenye mnada wa New York kwa dola milioni 142.4. Na ukitaka kuzidi kuchanganyikiwa, yupo Roger Bacon wa karne ya 13, mtawa wa Kifransisko, ambaye naye aliandika juu ya majaribio na mwanga. Wanafunzi humchanganya na huyo wa kwanza kwa sababu hoja zao zinakaribiana, na hilo ni gumu kulirekebisha kuliko suala la picha, kwani koti la ngozi halipo la kukuzindua.

Katika maktaba tulikuwa na dawa moja tu: miaka ya kuzaliwa na kufa iandikwe kwenye kadi mara tu baada ya jina. Hata hivyo niliwahi kukuta katika maktaba moja vitabu vya akina Samuel Butler wawili tofauti vimepangwa kama vya mtu mmoja. Mmoja alikuwa mshairi wa dhihaka aliyefariki mwaka 1680, na mwingine mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka 1902. Kwa kadi ile, Samuel Butler alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka mia mbili bila kupumzika. Huyo wa pili, kwa taarifa yako, alikuwa na babu aliyeitwa pia Samuel Butler, mwalimu mkuu na baadaye askofu, kwa hiyo desturi ya jina la babu hata wao walikuwa nayo.

Kuhusu swali lako la pili, mzizi uko mwaka 1066, Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa walipoiteka Uingereza. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na majina mengi ya asili, kama vile Æthelred na Leofric, yaliyoungwa kwa vipande viwili na hivyo yaliweza kutungwa upya karibu bila kikomo. Watawala wapya walikuja na William, Robert, Richard na Henry, na baada ya vizazi vichache kila mzazi alitaka mwanawe aitwe kama wakubwa. Majina ya ukoo yaliingia taratibu katika karne zilizofuata, kwa kiasi fulani kwa sababu kijiji chenye akina John kumi hakiwezi kukusanya kodi bila kujua ni John yupi, mhunzi au mwoka mikate.

Jambo la pili ni wazazi wa ubatizo. Katika zama hizo mara nyingi mtoto alichukua jina la baba yake wa ubatizo, na ikiwa watoto wawili wa nyumba moja walibatizwa na wadhamini wenye jina moja, basi wote wawili walilibeba. Mfano ninaoupenda ni ukoo wa Paston wa Norfolk, ambao barua zao za karne ya 15 zimehifadhiwa hadi leo. Baba aliitwa John, mwanawe mkubwa aliyezaliwa mwaka 1442 aliitwa John, na mdogo wake aliyezaliwa mwaka 1444 akaitwa John pia, na wote wawili walikua, wakaishi na wakapewa heshima ya kuitwa Sir. Wanahistoria wameshindwa namna nyingine ya kuwataja isipokuwa kuwapa namba, kama wafalme.

Mzee wa Kalenga

Mkutubi amesema vyema kuhusu akina John, lakini naona jina lililotia fora kuliko yote katika historia ya Uingereza ni Thomas, na mahali pa kulitazama ni baraza la Henry wa Nane, aliyetawala kuanzia mwaka 1509 hadi 1547. Mwalimu, ukitaka kuwafundisha wanafunzi wako enzi ile, usianze na wake sita. Anza na akina Thomas.

Wa kwanza ni Thomas Wolsey, kadinali aliyeiendesha serikali ya mfalme kijana kwa miaka mingi, hadi aliposhindwa kumpatia ruhusa ya Papa ya kuachana na Catherine wa Aragon. Alifariki mwaka 1530 njiani, akipelekwa London kujibu shtaka la uhaini. Nafasi yake ya ukansela ilishikwa na Thomas More, mwanasheria mcha Mungu, ambaye naye alijiuzulu mwaka 1532 na kukatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535 kwa sababu hakukubali kuapa kwamba mfalme ndiye mkuu wa kanisa. Wakati huo aliyekuwa akiendesha mambo ni Thomas Cromwell, aliyewahi kuwa mtumishi wa Wolsey, na upande wa kanisa ndoa ya kwanza ilibatilishwa mwaka 1533 na Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury. Sasa hesabu mwenyewe: Thomas mmoja alishindwa kuivunja ndoa, wa pili alikataa kuibariki hatua hiyo, wa tatu aliitungia sheria, wa nne akaitangaza kuwa batili.

Na bado kuna wa tano, Thomas Howard, mtawala wa Norfolk, mjomba wa malkia wawili waliokatwa vichwa, Anne Boleyn na Catherine Howard. Huyu alimchukia Cromwell na akashiriki kumwangusha. Cromwell aliuawa tarehe 28 Julai 1540, na siku hiyohiyo mfalme akamwoa Catherine Howard. Lakini zamu ya Norfolk nayo ilifika: alihukumiwa kifo mwanzoni mwa mwaka 1547, na kilichomwokoa ni kwamba mfalme mwenyewe alifariki tarehe 28 Januari, kabla ya hukumu kutekelezwa. Cranmer alichomwa moto Oxford mwaka 1556 wakati wa Malkia Mary, na inasimuliwa kwamba aliutanguliza motoni ule mkono wa kulia uliokuwa umetia saini ya kuikana imani yake. Kwa hiyo, kati ya watano, wawili walikatwa vichwa, mmoja alichomwa, mmoja alifia njiani kuelekea kesini, na mmoja aliponea chupuchupu.

Kama mtu atauliza kwa nini wote waliitwa Thomas, jibu liko Canterbury. Tarehe 29 Desemba 1170 mashujaa wanne wa Mfalme Henry wa Pili walimuua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa lake, akatangazwa mtakatifu, na kaburi lake likawa mahali pa hija. Kuanzia hapo jina Thomas, ambalo awali halikuwa na umaarufu wowote kwa watu wa kawaida, likasambaa nchi nzima. Ajabu ni kwamba kaburi hilo lilibomolewa mwaka 1538 kwa amri za serikali iliyoongozwa na Thomas mwingine, yaani Cromwell. Na mwaka huohuo, Cromwell huyohuyo aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Wanaotafuta kujua nani alikuwa nani kati ya maelfu ya akina Thomas na John wanategemea madaftari hayo mpaka sasa.

Mnisamehe kwa urefu. Mjukuu wangu anaitwa Thomas, kwa hiyo nina upendeleo.

Binti Tukuyu

Shikamoo Mzee wa Kalenga, nimefurahi sana kusoma. Nina wajina wengine ambao wanatugusa sisi Watanzania moja kwa moja, ila lazima nianze na onyo: neno "Mwingereza" tunalitumia kwa kila mtu wa visiwa vile, na hapo ndipo wajina wengine hupotezwa.

Sir Richard Burton, mzaliwa wa Torquay mwaka 1821, ndiye aliyetoka Zanzibar mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, wakapita Kazeh, yaani Tabora, na kufika Ujiji mwezi Februari 1858, huku msafara ukitegemea watu kama Sidi Mubarak Bombay. Mwanafunzi wa leo akitafuta jina hilo hukutana kwanza na uso wa Richard Burton mwigizaji wa filamu, aliyezaliwa mwaka 1925. Huyu si Mwingereza kamili kwa maana ya England. Alikuwa mtu wa Wales, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Richard Jenkins. Burton alilichukua kutoka kwa mwalimu wake, Philip Burton, aliyemlea na kumfungulia njia ya uigizaji. (Walimu wa jamvini, mnaona malipo yenu.)

Linalonichekesha ni kwamba mwigizaji huyo alimwoa mwanamke ambaye naye alikuwa na wajina wake maarufu. Elizabeth Taylor wa filamu alizaliwa London mwaka 1932 kwa wazazi Wamarekani. Elizabeth Taylor wa pili, aliyezaliwa Reading mwaka 1912, alikuwa mwandishi wa riwaya tulivu na kali kuhusu maisha ya nyumbani, na jina hilo alilipata kwa kuolewa. Ukoo wake wa asili ulikuwa Coles. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1945, mwaka mmoja baada ya yule binti wa miaka 12 kupata umaarufu katika filamu, na tangu hapo maskini mwandishi akawa anapokea barua zilizokusudiwa mwenzake. Alifariki mwaka 1975, mwaka uleule ambao Taylor na Burton wa filamu, baada ya kuachana, walifunga ndoa yao ya pili, na waliifunga Kasane, nchini Botswana.

Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini kuna wengine wawili. Joseph Thomson alipita Uhehe mwaka 1879 akielekea Ziwa Nyasa, akiwa kijana wa miaka 21 aliyeachiwa msafara baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Swala tomi ametokana na jina lake. Wajina wake ni Joseph John Thomson wa Manchester, mwanafizikia aliyeigundua elektroni mwaka 1897 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Walizaliwa karibu wakati mmoja, mmoja 1858 na mwingine 1856, ila yule wa swala ni Mskoti. Niliwahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi iliyosema kwamba mgunduzi wa elektroni alipita kwa miguu Iringa. Nilimpa nusu alama kwa sababu angalau alijua kwamba kuna Thomson aliyepita.

Beki wa Mafinga

Mimi nachangia kwa ufupi upande wa mpira. Katika kikosi cha England cha Kombe la Dunia la mwaka 1986 kule Meksiko walikuwamo akina Gary Stevens wawili, mmoja wa Everton na mwingine wa Tottenham Hotspur, na wote ni walinzi. Nawaonea huruma watangazaji wa redio. Kwenye muziki, kijana wa London aliyeitwa David Jones aliamua kujiita David Bowie kwa sababu tayari palikuwa na Davy Jones wa Manchester anayejulikana, ambaye baadaye aliimba na kundi la Monkees.

Ila naomba niwapinge kidogo wazee. Tatizo hili lisingekuwapo kama Waingereza wangetumia majina matatu kama sisi, la mtu, la baba na la babu.

Mkutubi Mstaafu, Iringa

Beki, jina la kati kwao lilikuwa nadra mpaka karne ya 18, na hata lilipoenea halikuwa lazima liwe la baba. Lakini una hoja, na aliyekubaliana nawe zaidi alikuwa Winston Churchill. Mwaka 1899, akiwa bado mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 24, aligundua kwamba Marekani yupo Winston Churchill mwingine, mwandishi wa riwaya aliyemzidi miaka mitatu na kumzidi mbali kwa umaarufu wakati huo. Alimwandikia kwa heshima akisema kwamba kuanzia hapo vitabu vyake atavisaini Winston Spencer Churchill ili wasomaji wasidanganyike. Mmarekani alimshukuru na kumjibu kwamba kama angekuwa na jina la ziada angelitumia yeye. Ndiyo maana kwenye vitabu vya waziri mkuu yule utaona ile herufi S katikati. Leo hali imegeuka, na mwenye haja ya kutambulishwa ni yule Mmarekani.

Hata majina matatu hayamalizi kazi, ndugu yangu. Katika daftari la wakopaji la maktaba niliyofanyia kazi tulikuwa na watu wawili waliofanana majina yote matatu, na mmoja alilipishwa faini ya kitabu cha mwenzake. Faini ile niliiandika mimi.

Mwalimu wa Mwanjelwa

Nawashukuru wote, na wazee wangu nawaamkia. Mzee wa Kalenga, nimekwisha kuunakili mchango wako kwa ajili ya kipindi cha Alhamisi. Naomba swali moja la nyongeza, lililoulizwa darasani leo: kama palikuwa na Mfalme Edward Mwungamaji aliyefariki mwaka 1066, na kabla yake wakawapo Edward wengine wawili, kwa nini Edward aliyeanza kutawala mwaka 1272 ndiye anayeitwa wa Kwanza?

Mzee wa Kalenga

Marahaba, Mwalimu. Namba za wafalme wa Uingereza huhesabiwa kuanzia kutekwa kwa nchi na Wanormani, kwa hiyo watatu wa mwanzo walibaki na lakabu zao: Edward Mkubwa, Edward Mfiadini na Edward Mwungamaji. Huyo wa mwaka 1272 alipewa jina hilo na baba yake, Henry wa Tatu, aliyempenda mno Mwungamaji kama mtakatifu, ingawa katika nyumba za wakuu wa Kinormani lilikuwa jina la kizamani. Kisha mwanawe akaitwa Edward, na mjukuu wake Edward, wakatawala kwa kufuatana hadi mwaka 1377. Watu wakijikuta na Edward baba, mwana na mjukuu katika hati za mahakama, namba zilikuwa hazikwepeki.

Binti Tukuyu

Mwalimu, nimekumbuka jambo moja la mwisho kwa ajili ya wanafunzi wako, kwa kuwa naamini huko Mbeya una akina Lugano zaidi ya mmoja. Evelyn ni jina ambalo Waingereza walimpa mwanamume au mwanamke, kama Lugano kwetu. Mwandishi Evelyn Waugh, aliyezaliwa mwaka 1903, alimwoa mwaka 1928 msichana aitwaye Evelyn Gardner. Marafiki wakalazimika kuwaita Evelyn Mume na Evelyn Mke. Ndoa yenyewe haikudumu. Kufikia mwaka 1930 walikuwa wametalikiana, na jina likabaki kwa kila mmoja.

Mwalimu wa Mwanjelwa

Umejuaje, dada? Ninao wawili, wa kiume na wa kike, na huyo wa kike ndiye aliyeuliza habari za kamera. Jana nimempa kazi ya kuupanga upya ubao. Amebandika mchoro wa rangi ya mafuta wa yule Bacon mwenye kofia nyeusi na kola pana ya lesi, na pembeni yake amerudisha picha yangu ya koti la ngozi, kila mmoja akiwa na miaka yake. Katikati ya hao wawili ameacha nafasi tupu na kuandika kwa penseli: Roger, tunasubiri.